Hereni Nzito na Hereni Nyepesi

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima. Shemeji yako anakoroma kama kawaida na anakana kama kawaida. Bomba la jikoni linavuja. Fundi alikuja, akalitazama muda mrefu, akasema kweli linavuja, akaaga. Duka la dawa linakwenda vizuri, watu wanaugua.

Nimemaliza chumba cha mama. Miezi mitatu nilikuwa naingia, nakaa kitandani, natoka bila kugusa kitu. Safari hii niliingia na magunia, nikalia kwanza ili nisije nikalia katikati ya kazi, ndipo nikaanza. Nguo nimezigawa. Sanduku la mapambo lilikuwa chini ya mablanketi, na juu yake kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye kalenda, mwandiko wake mwenyewe: "Mgawane kila kitu nusu kwa nusu. Msinitie aibu."

Mapambo ni yale aliyoachiwa na bibi yake: bangili mbili, pete moja, na zile hereni mbili za jiwe jekundu. Nimegawa kama alivyosema. Ndani ya kifurushi hiki kuna bangili moja na hereni moja. Najua hereni moja haina kazi kwa mtu mwenye masikio mawili, ila maandishi ni maandishi, na mama hakuandika "isipokuwa hereni".

Nimevipima vyote kwenye mizani ya dukani, ile ninayopimia dawa za unga. Bangili ziko sawa. Hereni moja imeizidi ya pili kwa gramu mbili nzima. Wewe nimekupelekea ile nzito, kwa sababu mimi ndiye niliyegawa na sitaki maneno.

Pete imebaki kwangu kwa kuwa haigawiki. Wiki ijayo naenda kwa sonara anithaminishie vyote, tujue pete ni sawa na nini, nikufidie haki yako. Simu sitapiga. Mambo yakianza kukuhusu wewe, huko kwako mtandao huwa mbovu.

Dada yako


27 Februari

Dada, shikamoo.

Kifurushi kimefika salama. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, watoto wanakua na viatu vinakataa kukua nao. Kazini juzi mzee mmoja alinasa kwenye lifti kwa muda wa saa mbili, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nilipomtoa hakunishukuru, aliniuliza tu mbona nimechelewa. Nikamwomba radhi. Kwenye ufundi wa lifti ukijibizana na kila mtu uliyemtoa hutafika jioni.

Hereni tumeiona. Wifi yako aliivaa sikio moja, akajitazama kwenye kioo, akageuza uso upande wa pili, akajitazama tena, akaivua.

Kuhusu sonara, mimi naona usijichoshe. Vitu vya mama havina bei. Pete chukua wewe, moyo wangu mweupe kabisa. Hata bangili hii ukiitaka nakurudishia. Masonara wenyewe unawajua, unampa cha kweli anakurudishia cha bandia, halafu utagombana na nani? Tena zile hereni hazitaki kushikwashikwa, kulabu zake ni dhaifu, ukipinda kidogo tu jiwe linachomoka. Ziweke zilipokuwa. Tumempoteza mama juzi tu, hakuna haja ya kukimbizana na mizani.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu, na wewe pokea zetu. Shemeji yako alirekebisha bomba mwenyewe. Sasa linavuja sehemu mbili.

Nashukuru kwa ukarimu wako. Umenishtua kidogo, maana nakufahamu tangu ulipokuwa unahesabu vipande vya nyama kwenye sahani yangu. Kwa sonara nimekwenda. Ni mwanamke wa makamo, karakana ameirithi kwa baba yake, pale pale nyuma ya ofisi ya posta. Hana maneno mengi. Kitu ukimpa anakigeuza kwanza, anatazama nyuma yake. Anasema mbele kila mtu anapapamba, nyuma ndiko fundi alikofanya kazi.

Bangili akaipenda. Dhahabu ya kweli, imefuliwa kwa mkono, hakuna sehemu mbili zinazofanana, umri wake miaka mia au karibu na hapo. Pete nayo akasema ni nzuri, jiwe lake limechoka kidogo. Ndipo nikampa hereni. Akaigeuza. Akaisugua kwenye lile jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu, ikaacha mstari wa manjano mzuri tu, sawa na ule wa bangili. Akaudondoshea asidi. Mstari wa bangili ukabaki, wa hereni ukatoweka huku natazama. Ni shaba iliyopakwa maji ya dhahabu. Na jiwe ni kioo. Alinipa darubini yake ndogo nione mwenyewe, ndani mna viputo vya hewa kama kwenye chupa ya soda.

Nikamwambia labda bibi yake mama aliuziwa bandia. Akasema hapana, hii haijafika hata miaka arobaini, mtu ameitengeneza kwa kuiga ya kale, na ameiga vizuri sana. Anataka kuiona ya pili. Kwa hiyo nitumie hereni yako, kwa rejista ya posta.

Jambo moja sikutaka kuliandika lakini limenikaa kooni. Hizi ndizo hereni zilizomtoa mama mdogo nyumbani kwetu. Ni miaka thelathini na moja sasa. Moja ilipotea, akasingiziwa au hakusingiziwa, akaondoka na begi moja. Wiki tatu baadaye ikaonekana nyuma ya kabati, na mama akasema basi kumbe alikuwa ameificha pale aje kuichukua. Jumanne nilimwona sokoni. Anafua na kupiga pasi shuka za nyumba ya wageni siku hizi. Tulisalimiana kama watu waliopanga foleni moja benki. Siku ya mazishi ya mama, dada yake wa tumbo moja, alisimama nje ya geti mpaka mwisho, na hakuna aliyekwenda kumwambia aingie. Mimi pia sikwenda.

Halafu nikuulize. Umejuaje kwamba kulabu zake ni dhaifu?

Dada yako


6 Mei

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilinizidi, lifti za jengo la serikali zote tatu ziligoma siku moja, kisha nikaugua mafua, kisha mafua yakapona lakini karatasi ikakosekana. Wote wazima. Wifi yako amebadilisha mapazia.

Nimelifikiria suala la hereni kwa kina. Inawezekana kwamba zamani kioo kilikuwa na thamani kuliko dhahabu, mambo hubadilika. Inawezekana vilevile kwamba asidi ya huyo sonara ni mbovu. Asidi ikikaa sana inaharibika, wewe wa duka la dawa unalijua hilo kuliko mimi. Na inawezekana ziliundwa hivyo tangu mwanzo, moja ya kweli na moja ya kuvalia siku za kawaida.

Yangu ningekutumia leo, tatizo niliiweka mahali salama sana. Nikipakumbuka nitaituma.

Kulabu ni mambo ya ufundi tu. Fundi akiona kulabu anajua.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Pole na mafua, hongera kwa mapazia.

Barua yako ina kurasa mbili na mama mdogo hamo. Nimeisoma mara tatu, nikaigeuza na nyuma, kama nilivyojifunza kwa sonara.

Nilirudi kule karakana. Sonara alikuwa ameitazama hereni kwa darubini tena, akaona chini ya kulabu vitone vitatu, vidogo kuliko mbegu ya ufuta. Vile vitone ni alama ya marehemu baba yake. Mzee hakuwa anakubali kutengeneza nakala ya kitu cha kale bila kuitia alama iliyofichika, ili asije mtu siku moja akaiuza kama ya asili. Na kila nakala aliichora kwenye karatasi, chini yake akaandika nani ameiagiza na kwa sababu gani, maana alisema nakala ni kazi yenye lawama. Karatasi hizo zimo kwenye kabati la chuma, tulizipekua asubuhi nzima. Mchoro upo. Maandishi yapo. Nimeyasoma.

Sitakuambia yamesema nini. Nataka uniambie wewe.

Na kwa kuwa tumeambiwa nusu kwa nusu, natangulia na nusu yangu. Unakumbuka mama alipotukusanya sebuleni akauliza nani ameingia chumbani kwake. Mimi nilisema, "Nilimwona mama mdogo anafungua kabati." Sanduku la mapambo lilikaa humo. Ni kweli nilimwona. Alikuwa anapanga shuka alizotoka kuzipiga pasi, kama kila Jumamosi, na mlango ulikuwa wazi, na alikuwa anaimba. Hayo ya shuka sikuyasema. Mama aliuliza nani ameingia chumbani, sikuulizwa kwa nini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, si mtoto. Nilikuwa nimemkasirikia kwa sababu alimwambia mama kuhusu yule kijana wa benki. Ndiyo hivyo. Miaka thelathini na moja nimekuwa nikijiambia kwamba sikusema uongo, na usiku huo huo wa kwanza nilijua ninajidanganya.

Nasubiri. Ukileta tena habari za asidi, nakuja huko mwenyewe.

Dada yako


9 Juni

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Hereni imo ndani ya bahasha hii, imefungwa kwenye pamba. Haikupotea. Ilikuwa kwenye droo ya misumari, na kila nilipotaka msumari niliiona.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nafungua kila kitu, unakumbuka, redio, saa ya ukutani, pasi. Hereni nilitaka tu kuona jiwe limeshikwa na nini. Niliifungulia kwenye sinki la bafuni kwa sababu kuna mwanga mzuri. Nilipinda kulabu kidogo, jiwe likaruka, likaingia kwenye tundu la sinki. Nikainama kulitazama, na hereni yenyewe ikalifuata. Nilifungua bomba la chini nikapata nywele na kijiko.

Kabla sijajua la kufanya mama akawa amefungua sanduku. Wewe ukasema la kabati. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe, mdomo ulikuwa umejaa maneno na hakuna lililotoka. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake mama mdogo akaondoka. Mimi ndiye niliyembebea begi hadi kituoni, dada. Njiani aliniambia nisome kwa bidii, nisihangaike na mambo ya watu wazima.

Nikauza baiskeli, nikawaambia imeibiwa. Nikachukua ile hereni iliyobaki, maana mama hakutaka tena kulifungua sanduku, nikampelekea yule mzee, akainakili kwa siku kumi na tano. Nilidhani ikionekana, mama mdogo ataitwa arudi. Ndiyo maana niliitupa nyuma ya kabati, ionekane kama ilianguka yenyewe. Badala yake wakasema aliificha. Nilikuwa nimemtengenezea ushahidi wa pili kwa mkono wangu na kwa baiskeli yangu.

Kazi hii ya mbali niliiomba mwenyewe, hamkujua. Hapa walitaka mtu mmoja na hakuna aliyetaka kuja. Nilifikiri umbali utanisaidia. Ulipoleta kile kifurushi, umbali ukaisha.

Naona aibu. Sijui niseme nini kingine. Nashukuru mama alikufa bila kujua mwanawe ni mtu wa namna gani.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Tumepokea. Shemeji yako mzima, mimi mzima kiasi.

Uliyoandika yanalingana na karatasi ya mzee. Baiskeli imo, aliandika hata rangi yake. Nimelia, kisha nimekukasirikia, kisha nimejikasirikia mimi, kisha nimekwenda kazini nikampa mteja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya minyoo, akarudi nayo.

Hereni yako ndiyo ya kweli. Dhahabu safi, jiwe ni yakuti, limekatwa kwa mkono na halikukaa sawasawa upande mmoja, na sonara anasema hapo ndipo umri wake unapoonekana. Zingekuwa mbili za namna ile ungeweza kununua nyumba ndogo. Ikiwa moja, ni pambo zuri la mtu mmoja mwenye sikio moja. Bei zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili, uzisome ukiwa na nafasi.

Sasa kaa chini. Chini ya mchoro kulikuwa na maandishi mara mbili. Ya kwanza ni ya siku uliyoagiza. Ya pili ni ya mwaka uliofuata, wino tofauti, mwandiko ule ule. Nayanakili kama yalivyo: "Mama mwenye hereni amekuja kusafishiwa. Nimeona kazi yangu, nimemweleza aliyeiagiza ni nani. Amekaa kwenye benchi kwa muda. Kisha ameniomba nizisafishe zote mbili, nisiseme kitu."

Kwa hiyo mama alijua. Miaka thelathini alijua, na zote mbili alizivaa kwenye kila harusi. Alichagua wewe usiaibike, na mama mdogo akabaki alivyobaki.

Nilipanga kwenda kwa mama mdogo Jumamosi hii. Nitamwambia la kwangu na la kwako. La mama sijui. Nataka kusikia neno lako kabla sijaenda, na ili barua yako inifikie nitaahirisha mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na sita.

Dada yako


10 Julai

Dada, shikamoo.

Huku wazima.

Barua yako niliisomea kazini, juu kwenye chumba cha mashine, nikakaa kule mpaka wakaja kunitafuta.

La kwangu mwambie lote. Usinipunguzie. La mama usimwambie, nakuomba. Mama mdogo amekaa miaka yote hii akiamini dada yake alidanganywa. Hiyo ni afadhali. Ukimwambia dada yake alijua, utamfukuza nyumbani mara ya pili. Mwache mama apumzike, lawama zote nitupie mimi, zinanitosha.

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Bomba limepona. Tulimwita fundi mwingine. Salamu za nyumbani hazina jipya zaidi ya hilo.

Nilikwenda. Anapiga pasi kwenye chumba cha nyuma, dirisha moja, shuka zimepangwa mpaka kifuani. Aliniona mlangoni, akasema karibu, akaendelea. Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya zile hereni. Pasi haikusimama. Nikaanza na la kwangu, kijana wa benki na yote, kisha la kwako, sinki, baiskeli, nyuma ya kabati. Nilipofika pale ulipombebea begi akasema, "Lilikuwa zito, na yeye alikuwa mwembamba." Basi. Akakunja shuka, akachukua nyingine.

Nilidhani nimemaliza. Nikawa natafuta namna ya kuomba radhi ambayo haijachelewa miaka thelathini na moja. Ndipo akauliza, bila kunitazama, "Dada yangu alijua?"

Barua yako ilikuwa ndani ya mkoba wangu, mdogo wangu, na nilikuwa nimekubaliana nawe kabisa. Ningeweza kusema kwamba hereni ilipoonekana mama aliamini ni ile ile. Kila neno lingekuwa kweli. Nikaona nimesimama tena sebuleni, na mama mdogo yule yule, na shuka zile zile. Nikasema, "Alijua. Tangu mwaka uliofuata."

Akaisimamisha pasi. Akaichomoa ukutani. Akakaa juu ya kikapu cha nguo.

Kuna jambo sisi hatukulijua kabisa. Kila mwaka, tarehe aliyoondoka, mama alikuwa anamtumia kitambaa kipya cha gauni kwa mkono wa mtu. Kila mwaka. Na kila mwaka mama mdogo alikirudisha bila kukifungua. Siku moja mama alikileta mwenyewe, akasimama mlangoni na kitambaa mkononi, hasemi kitu, na mama mdogo akamfungia mlango.

Akaniambia, "Nilifikiri ananisamehe. Nikasema sitapokea msamaha kwa kitu ambacho sikufanya, hata akileta duka zima. Kumbe ni yeye aliyekuwa anaomba. Angefungua mdomo akasema, ningemkaribisha siku hiyo hiyo. Alikuwa dada yangu. Nilikuwa na hamu naye mpaka naumwa."

Akalia, nami nikalia. Mfanyakazi mmoja aliingia kuchukua shuka, akatuona, akachukua shuka akatoka.

Nilimpa hereni zote mbili. Aliziweka kiganjani, akazitazama nyuma na mbele, akanirudishia. Alisema matundu ya masikio yake yalishaziba zamani. Jumapili atakuja kwetu kula. Atapitia getini kama watu wengine.

Wewe anasema uje. Nilimuuliza nikuambie uje na nini. Akasema, uje na mdomo.

Dada yako